Pointi 10 Ambazo Sikustahili



Miye si mtu wa kuandika mu gazeti. Kila mara ninasoma tu yale wengine wameandika, juu ya mupira, juu ya korali, juu ya robine ya uwanja isiyotoa maji, kiisha karatasi inafika nyumbani na mama anafungia mo karanga. Lakini mara hii nina neno, na neno lenyewe linanihukumu mimi mwenyewe kwanza. Kwa hiyo musidhani nimekuja kushitaki mtu.

Neno ni hili. Mu enterogasio ya informatiki ya kalasi yetu, ulizo la kwanza, nilipata pointi 10 kwa 10. Dada mmoja anayekaa benchi ya mbele yangu alipata 4 kwa 10. Kwa jumla mimi nilipata 15 kwa 20, yeye 9 kwa 20, maana yake ameanguka. Na leo ninajua, si kwa kudhani bali kwa kuona na macho yangu, kama kanuni yake ilikuwa ya kweli na yangu ilikuwa inasema uwongo.

Nitaeleza polepole juu ya wale wa Pedagojia na wa Komersiali, na wadogo wetu ambao hawajafika huko. Wenzangu wa Matematiki-Fiziki wavumilie kidogo.

Ulizo lilikuwa: andika mu Prolog kanuni ya kutafuta valere absolu ya hesabu. Valere absolu ni hesabu ukiitosha alama ya kupunguza. Ya 5 ni 5. Ya -5 ni 5 vilevile. Ya ziro ni ziro. Ukipenda, ni umbali toka ziro. Weka ziro hapa Lubumbashi. Ukienda Likasi unahesabu karibu kilometa 120 upande mumoja. Ukienda Kasumbalesa unahesabu karibu 90 upande mwingine, na mu matematiki tungeandika -90. Lakini shofere wa bisi hatakurudishia feza eti kwa sababu ulienda upande wa kupunguza. Analipisha kilometa 90. Huyo shofere anajua valere absolu, hata kama hakupita mu kalasi yetu.

Sasa Prolog ni kitu gani? Ni luga ya kusemea na ordinateri, lakini si sawa na zile zingine. Zingine unaiamuru mashine: fanya hivi, kiisha fanya vile, kiisha rudilia. Mu Prolog hauamuru. Unaiambia mambo yaliyo ya kweli, kiisha unaiuliza, nayo inatafuta yenyewe. Ukiisha kuiambia nani ni baba ya nani, na ukaongeza kanuni moja tu kama baba ya baba ni babu, unaweza kuuliza: babu ya huyu ni nani? Na kwa kanuni ileile, bila kubadili hata herufi, unaweza kugeuka na kuuliza: huyu muzee ana wajukuu gani? Na tena: ni kweli kama huyu ni babu ya yule? Kanuni moja, maulizo ya kila upande. Kwangu mimi njo uzuri wake wote, na mushike neno hilo, maana nitarudi ku lile.

Ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka wa 1972, mu mikono ya Alain Colmerauer na Philippe Roussel. Jina ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya kupanga programu kwa lojiki, na aliyelipendekeza ni mke wa Roussel. Mwingereza mumoja mwenye asili ya Marekani, Robert Kowalski, ambaye wakati ule alikuwa Edinburgh, aliwasaidia sana kwa mawazo yake juu ya lojiki. Colmerauer alifariki mwaka wa 2017. Nawaambia haya kwa sababu moja: Colmerauer na wenzake hawakuanza kwa kutafuta mashine ya hesabu. Walitaka kuongea na ordinateri mu Kifaransa cha watu, iwaelewe. Hesabu iliingia nyuma kama mugeni, na mpaka leo inaonekana kama ni mugeni mule ndani.

Mufano. Rafiki yangu mumoja (hapana, sitamutaja, ameisha kuchekwa ya kutosha) aliandika kama Y = -X. Yeye alifikiri mashine itahesabu. Ukimupatia -5, mashine inamujibu: - -5. Kupunguza ya kupunguza tano, imeandikwa vile paka vile, haikuhesabu kitu. Maana mu Prolog alama ya = haina maana ya kuhesabu. Maana yake ni: fananisha hivi viwili, uone kama vinaweza kuwa kitu kimoja. Ukitaka ihesabu ni lazima uiambie kwa neno lingine, neno is, ambalo limetoka mu desturi ya Edinburgh. Rafiki yangu alipata 2 kwa 10, na hizo 2 nadhani ni za mwandiko.

Basi tuje ku kanuni mbili zenyewe. Alama :- musome «ikiwa», na koma musome «na». Herufi kubwa ni sanduku ambalo halijajazwa. Dada yule aliandika hivi:

umbali(X, X) :- X >= 0.
umbali(X, Y) :- X < 0, Y is -X.

Maana yake: umbali wa X ni X yenyewe ikiwa X haiko chini ya ziro. Na umbali wa X ni Y ikiwa X iko chini ya ziro, na Y ni X iliyogeuzwa alama. Imekwisha.

Mimi niliandika hivi:

umbali(X, X) :- X >= 0, !.
umbali(X, Y) :- Y is -X.

Munaona ile alama ya mushangao? Ile njo «kukata». Inaiambia mashine: ukifika hapa, kata njia zingine zote, usitafute tena. Nikawaza kama mutu mujanja: ikiwa X haiko chini ya ziro, mashine itafika ku alama, itakata, haitaona musitari wa pili. Kwa hiyo musitari wa pili hauna haja ya kuuliza tena kama X iko chini ya ziro, maana anayefika huko ni wa chini ya ziro tu. Nikafuta neno moja na nikajiona mukubwa. Prof naye akaona vile, akatia 10, na mbele ya kopi ya dada akaandika na bic nyekundu: «Unarudilia-rudilia. Haujaelewa kukata.»

Kabla ya kuendelea niseme wazi: Prof wetu ni mutu wa kazi. Kopi zaidi ya 50 alizisahihisha usiku, bila mashine, maana mu kalasi tunafanya Prolog ku tablo na krai. Kama angekuwa na mashine mbele yake, mimi nisingeandika mistari hii.

Siku ya posho nilikwenda kwa yaya wangu anayesoma informatiki ku univerisite. Ana laptopu ya zamani, betri yake inadumu saa moja tu, na umeme ulikuwa umekatika toka asubuhi. Tulitia mo SWI-Prolog, ile programu ya bure ambayo watu wa Amsterdam walianza mwaka wa 1987. Nikaandika kanuni yangu kwa majivuno. Nikauliza umbali wa 5, ikajibu 5. Nikauliza umbali wa -5, ikajibu 5.

Yaya akaniuliza: «Njo yote?»

«Njo yote. Imejibu muzuri.»

«Na bongo, umeiuliza?»

«Bongo ya namna gani?»

«Iulize kama umbali wa 5 ni -5.»

Nikaandika umbali(5, -5). Mutoto wa kwanza wa primere anajua kama umbali hauwezi kuwa chini ya ziro. Mashine ikajibu: kweli.

Nilicheka kwanza. Kiisha sikucheka tena. Nikaandika ulizo lile mara ya pili, nikidhani kidole kimekosea. Kweli, tena. Yaya akatosha kanuni yangu, akaandika ya dada, akauliza ulizo lilelile. Hapana, ikasema. Siyo kweli.

Ilinipasa zaidi ya nusu ya ile saa ya betri ili kuelewa, na ninataka wenzangu waelewe kwa upesi kuliko mimi. Musitari wangu wa kwanza una X mara mbili: umbali(X, X). Maana yake mashine, mbele ya kusoma chochote nyuma ya :-, inafananisha kwanza vile vitu viwili nilivyoipatia. Nimeipatia 5 na -5. Je, 5 na -5 ni kitu kimoja? Hapana. Basi inatoka mu musitari wa kwanza palepale mulangoni. Haikuuliza kama 5 iko chini ya ziro. Haikufika ku alama ya mushangao. Haikukata kitu! Ikashuka ku musitari wa pili, ambao mimi niliuacha bila mulinzi, nikisema anayefika huko ni wa chini ya ziro tu. Ikageuza alama ya 5, ikapata -5, ikaona ni sawa na ile niliyoipatia, ikasema kweli. Mashine haikukosea hata kidogo. Ni mimi niliyetega mulango mumoja na kusahau kama watu wanaweza kurudi mbele ya kuingia mo.

Na yale maneno ambayo dada «alirudilia», X < 0, njo yale yalikuwa mulinzi.

Nilipoeleza hivi ku uwanja, mwenzangu mumoja akasema: «Sasa nani atauliza kama umbali wa 5 ni -5? Ni mutu wa wazimu tu!» Wengi wakamufuata. Ninajibu kwa mufano mumoja. Waza kama Prof wetu angepata mashine kesho, na angetumia kanuni yangu kusahihisha kazi za wadogo wetu. Mutoto anaandika: valere absolu ya 5 ni -5. Prof anaiuliza mashine: ni kweli? Kweli, inasema, 10 kwa 10. Huyo mutoto hakuwa wa wazimu, alikosea tu, na kanuni ya kusahihisha iliwekwa pale juu ya watu wanaokosea. Tena mu Prolog kanuni zinaitana zenyewe kwa zenyewe. Unaweza kuandika kanuni 20, na ya 18 inaita umbali ikiwa na Y iliyokwisha kujazwa, bila wewe kujua. Hapo bongo inapita ndani kimya, na wewe unatafuta kosa mahali pengine mpaka usiku.

Lakini haki ni ya pande zote, nami sitaki kumufanya Prof asiwe na neno. Kanuni ya dada ina uzito wake. Mashine inalinganisha X na ziro mara mbili. Tena ukiiuliza umbali wa 5, inajibu 5, kiisha inabaki inangoja kama mutu aliyesahau kitu, maana musitari wa pili haijauangalia bado. Ukiisukuma inaangalia, haipati, inasema hapana. Mu kazi ndogo si kitu. Mu kazi ya mamilioni, ile kungojangoja inakula mashine. Basi kukata si zambi, na Prof hakukosea kutufundisha. Ila ni kujua mahali pa kukata. Yaya alinionyesha hii:

umbali(X, Y) :- X >= 0, !, Y = X.
umbali(X, Y) :- Y is -X.

Angalieni: mulango sasa uko wazi kwa wote, X na Y ni sanduku mbalimbali. Kila anayekuja anaingia, anaulizwa kama iko chini ya ziro, na kama haiko, inakatwa palepale, mbele ya kuangalia Y. Kiisha tu inafananisha. Uliza kama umbali wa 5 ni -5, inasema hapana. Tofauti na yangu ni nini? Mahali pa alama moja na Y moja. Siye watu wa Lubumbashi tunapaswa kuelewa hii kuliko wote: umeme kukatwa si shida kubwa kama unajua saa, shida ni kukatwa wakati nguo iko chini ya pasi.

Kuna wengine watasema: kwa nini kujitesa? Prolog iko na abs ndani yake, unaandika Y is abs(X), kazi imekwisha. Ni kweli, iko mo, na mu kanuni za kimataifa za Prolog za mwaka wa 1995 imeandikwa. Mu kazi ya kila siku mimi nitaitumia. Lakini ulizo halikuwa kutumia, ulizo lilikuwa kujenga. Na hata ile abs iko na mupaka. Rudieni ku lile neno niliwaambia mushike: kanuni moja, maulizo ya kila upande. Ugeuke sasa, uulize: ni hesabu gani yenye umbali wa 5? Ku tablo ya matematiki kila mumoja wetu anajibu: ziko mbili, 5 na -5. Mashine yenyewe, kwa kanuni yangu inapata 5 tu; kwa ya dada inapata 5, lakini ukiisukuma inakataa; na kwa ya yaya na kwa abs inakataa kabisa. Inalalamika kama X haijajazwa, haiwezi kuhesabu. Ule mugeni, hesabu, anajua kutembea upande mumoja tu.

Colmerauer aliona kasoro hii, na hakuifunika. Kazi yake ya nyuma, mu Prolog III, ilikuwa kuingiza mo mapatano juu ya hesabu, ili mashine iweze kushika «X na 5 ziko na umuunganiko huu» hata mbele ya kujua X. Leo mu SWI-Prolog kuna maktaba ya namna hiyo. Tuliifungua dakika za mwisho za betri, yaya akaandika 5 #= abs(X), na mashine ikajibu kama X ni -5 ao 5. Zote mbili! Niliruka ku kiti. Kiisha kiyoo kikazimika.

Sasa maoni yangu, maana hii ni ukurasa wa maoni.

Mimi ninaona kama tunafundishwa, na sisi wenyewe tunapenda, kuuliza kanuni upande mumoja tu. Tunaipatia 5, tunangoja 5, tunapiga makofi. Mu Exetat nako tunachagua jibu moja kati ya yale yaliyoandikwa, na mwaka muzima tunajizoeza kutambua lililo sawa. Hakuna anayetuambia: chukua lililo baya, ulipeleke kwa kanuni yako, uone kama itakuwa na nguvu ya kulikataa. Kanuni yangu ilijua kusema ndiyo. Haikujua kusema hapana. Mutu mwenye kusema ndiyo kwa kila mutu tunamujua, mu kalasi yuko, na hatumupatie kesi ya kalasi.

Na kwa habari ya kesi: mwaka uliopita tulihesabu feza za kalasi, tofauti kati ya kaye na sanduku ikawa franka 15.000. Wote tukamugeukia mwenye kesi. Siku nzima aliitwa mwizi, mpaka dada huyuhuyu akauliza: tofauti ya upande gani? Feza zilikuwa zimezidi. Wawili walilipa, naye alisahau kuwaandika. Siye tulikuwa tumechukua valere absolu ya kosa lake.

Ninaomba, basi, mambo mawili. La kwanza, Prof akubali kuangalia tena ulizo la kwanza mbele ya bileti za periode kufungwa. Wengine 11 waliandika kama mimi, nimehesabu, na wawili walinikataza kuandika haya, wanisamehe. Kama dada atapata 10 zake, atakuwa na 15 kwa 20. Kama mimi nitapewa 4, nitakuwa na 9, na baba yangu atataka maelezo, na nitamuonyesha ukurasa huu. La pili, mbele ya enterogasio ingine, Bwana Prefe aturuhusu kuleta laptopu ya yaya siku moja mu kalasi. Saa moja inatosha, ndiyo betri yote iliyoko. Kila mutu alete kanuni yake na maulizo matatu: moja lenye jibu la ndiyo, moja lenye jibu la hapana, na moja la kugeuza.

Nilimwambia dada kama nitaandika. Alinyamaza kidogo, kiisha akasema: «Andika. Lakini jina langu usitie mo. Na pointi si kitu, nitazipata kwa ingine. Ila ile bic nyekundu, kama sijaelewa kukata, waifute.»

Mwanafunzi wa Matematiki-Fiziki